Umeme, haibridi au petroli: shilingi yako inafika wapi?

Ukurasa huu unajibu maswali ya wasomaji kuhusu vyombo vya moto. Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: gari gani kati ya la petroli, haibridi na la umeme linamfaa mtu wa Unguja au Pemba. Barua tumezifupisha. Majibu hatukuyafupisha pale ambapo pesa ya msomaji, au usalama wake, uko hatarini.

Assalaam alaykum. Naendesha teksi, naishi Bububu. Siku ya kazi nakwenda kama kilomita 120, nyingi za mjini na uwanja wa ndege, mara moja moja Nungwi au Paje. Gari yangu ni IST ya petroli. Mwenzangu mmoja ananambia nichukue Aqua, mwengine anasema ninunue Leaf niachane na mafuta kabisa. Nifuate la nani? — Dereva, Bububu

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Tuanze na nishati yenyewe, maana bei hupanda na kushuka lakini hii haibadiliki. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9 za umeme, uniti zile zile unazonunua za mita ya nyumbani (uniti moja ni kilowati-saa moja). IST yako kwenye foleni za Darajani na Mwanakwerekwe, kiyoyozi kimewashwa, hula lita 8 hivi kwa kilomita 100. Hizo ni uniti 70 na kidogo. Zinazofika kwenye magurudumu ni 14 au 15 tu. Zilizobaki zimetoka kwenye redieta na bomba la moshi zikiwa joto, na kila ulipokanyaga breki, sehemu ya zile zilizofika ikayeyuka kwenye pedi.

Aqua, ambayo ni haibridi ya Toyota, ina injini ya petroli pia, lakini injini hiyo huzimika gari likisimama na likitambaa, na ukikanyaga breki mota hugeuka jenereta, ikairudishia betri sehemu ya ule mwendo. Kwa kazi yako itakula lita 4.5 hadi 5 kwa kilomita 100. Tuchukue 4.8. Leaf, gari la umeme tupu la Nissan, yenye betri ya kilowati-saa 40, ile iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2017, huchota uniti 19 hivi kwenye soketi kwa kilomita 100. Katika hizo, mbili au zaidi kidogo hupotea kwenye chaja na kwenye betri wakati wa kuchaji; mota yenyewe haipotezi mengi.

Sasa pesa. Usituulize bei, kwa sababu ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayosimamia maji na nishati, hutangaza bei ya mafuta kila mwezi na jibu letu litachakaa. Tumia kipimo hiki: chukua bei ya lita moja uigawe kwa nne. Uniti ya umeme ikiwa chini ya hapo, Leaf inaishinda Aqua kwa gharama ya nishati. Ikiwa kati ya robo na mbili ya tano ya bei ya lita, Aqua inaongoza, Leaf ya pili, IST ya mwisho. Kwa mfano wa hesabu tu: lita ikiwa shilingi 3,000, robo yake ni 750. Umeme wa nyumbani ukiupata kwa 400, kilomita 100 za Leaf ni shilingi 7,600, za Aqua 14,400, za IST 24,000. Lakini ukichaji kwa mwenye hoteli anayekutoza 900 kwa uniti, Leaf imekuwa 17,100, na Aqua imeipita.

Kwa mwendo wako Aqua inakupunguzia karibu lita 3.8 kila siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hizo ni lita 100. Mtu wa aina yako ndiye haibridi ilitengenezwa kwa ajili yake.

Leaf nayo inakufaa kwa masharti matatu, na moja likikosekana iache. Kwanza, iwe ya 40, na afya ya betri (uwezo uliobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya) isipungue asilimia 85; hapo utapata kilomita 200 kwa mwendo wa taratibu, na ukiacha akiba una 160 za uhakika. Pili, uwe na mahali pako pa kuegesha usiku penye soketi. Kwa plagi ya kawaida ikichota ampea 10 unapata kilowati 2.3, na matumizi yako ya siku ni uniti 23, kwa hiyo gari likae kwenye chaja saa 10. Tatu, ile siku mteja anakwambia Nungwi kwenda na kurudi wakati umeshatembea kilomita 80 mjini, uwe tayari kumpa mwenzako safari hiyo. Ikiwa hutaki kuikosa, nunua Aqua.

Gari imeandikwa "e-Power" nyuma na muuzaji anasema ni ya umeme. Sikuona mahali pa kuchomeka. Imefichwa wapi? — Msomaji, Kiembesamaki

Haikufichwa, haipo. Nissan Note e-Power inaendeshwa na mota ya umeme kweli, na unapokanyaga utahisi wepesi ule ule wa gari la umeme. Lakini umeme wake wote unatengenezwa na injini ya petroli ya 1.2 iliyo mbele, ambayo kazi yake ni kuzungusha jenereta tu. Usipotia petroli haiendi. Ihesabu kama haibridi. Mjini inafanya vizuri sana. Kwenye mwendo mrefu wa kasi moja inazidiwa na Aqua, kwa sababu nishati ya injini lazima igeuzwe umeme kisha igeuzwe mwendo, na kila mgeuzo hula kitu. Bei ya gari la umeme usimlipe.

Naishi Fuoni, kazi yangu hotelini Jambiani, karibu kilomita 50 kwenda. Nimeoneshwa Leaf ya 2012 kwa bei nafuu. Muuzaji anasema chaji moja inakwenda kilomita 200. Kwenye dashibodi kuna pau 8 ndogo pembeni. Ni sawa? — Mfanyakazi wa hoteli, Fuoni

Hizo pau 8 ndizo zilizobeba jibu. Kwenye saa ya betri ya Leaf kuna safu mbili. Pau pana zinaonesha chaji iliyomo sasa. Zile nyembamba za ukingoni zinaonesha betri ina uwezo gani wa kubeba, na gari jipya lina 12. Ya kwanza hupotea uwezo ukishuka hadi asilimia 85 hivi, na kila nyengine baada ya hapo ni asilimia 6 na robo. Pau 8 maana yake betri imebaki na asilimia 60 hadi 66.

Leaf hiyo ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na zinazotumika kwa kweli ni kama 21 ikiwa mpya. Yako imebaki na 13 au 14. Kwa uniti 16 kwa kilomita 100, ambayo ni matumizi ya mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa na kiyoyozi, utapata kilomita 85. Ukiacha akiba ya kilomita 15, una 70. Utafika Jambiani. Hutarudi Fuoni bila ya kuchaji huko. Zile 200 za muuzaji ni namba ya kipimo cha Japani, ilipokuwa mpya, na hata ilipokuwa mpya barabarani haikuzifikia.

Betri za Leaf za mwanzo zina udhaifu unaotuhusu sana watu wa nchi za joto: hazipozwi kwa maji wala feni. Hewa ya nje tu ndiyo inayozipoza. Gari likishinda juani limejaa asilimia 100, betri huzeeka upesi kuliko likishinda kivulini na asilimia 50.

Ukienda kuangalia Leaf yoyote, usiridhike na pau. Kompyuta ya betri inaweza kurudishwa upya ikaonesha 12, kisha baada ya wiki kadhaa za kutembea pau zikaanza kuanguka tena. Chomeka kifaa cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia ya afya ya betri na tofauti ya volti kati ya seli. Kisha jaza betri, endesha kilomita 40 za mfululizo kwa mwendo wa kawaida, uangalie chaji imeshuka kiasi gani. Imeshuka nusu? Basi gari hilo ni la kilomita 80, hata dashibodi ikisema vyenginevyo.

Kama mwajiri wako atakuruhusu kwa maandishi kuchaji kazini kila siku, na bei ni ya chini kweli, gari linaweza kukufaa kwa muda. Bila ya ruhusa hiyo usinunue.

Aqua yangu ilikuwa inakwenda kilomita 21 kwa lita. Sasa ni 15, na feni inavuma nyuma hata asubuhi. Fundi ameniambia ninunue betri mpya ya haibridi. Nimebabaika. — Bibi mwenye gari, Mbweni

Usinunue bado, bibi. Kuna mambo matano ya kutazamwa kwanza, na mengi ni ya bei ndogo.

La kwanza ni hilo feni. Betri ya haibridi ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na hewa ya ndani ya gari. Tundu la kuvutia hewa liko hapo hapo chini ya kiti, upande mmoja, lina kifuniko chenye matundu. Likizibwa na vumbi, nywele, mchanga wa pwani, au kanga iliyoanguka, betri hupata joto, feni huongeza kasi, na kompyuta huizuia betri isifanye kazi kwa nguvu. Injini inabeba mzigo peke yake na petroli inaliwa. Zima gari, toa kifuniko, toa chujio kama lipo, livute vumbi kwa mashine ya kufyonza au lipige brashi kavu. Usioshe kwa maji ukalirudisha bichi, wala usipulize kwa upepo wa kompresa kuelekea ndani: vumbi lote litaingia kwenye betri. Safari za shamba zikiwa nyingi, fanya hivi kila mwezi.

La pili, uliza oili gani ilitiwa mara ya mwisho. Injini hii inataka oili nyepesi, 0W-20, au 5W-30 ikikosekana. Gereji nyingi zina pipa moja la 20W-50 na hulitumia kwa kila gari. Oili nzito kwenye injini inayozimika na kuwaka mara mia kwa safari ni mzigo wa bure.

La tatu, breki zinazoshika. Haibridi hutumia pedi kidogo kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo, na breki isiyofanya kazi, karibu na bahari, huota kutu kwenye pini za kalipa. Baada ya safari ya dakika 20 bila ya kukanyaga breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hapo breki imenasa. Pini zisafishwe na zitiwe grisi ya breki.

La nne, upepo wa tairi. Pima asubuhi kabla ya kutembea, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

La tano ndiyo betri yenyewe, na hapa fundi lazima aoneshe ushahidi. Asome kompyuta. Alama P0A80 inasema betri imechoka, lakini hata hiyo isikubaliwe kwa neno tupu. Gari likiwa kwenye mzigo, volti za mafungu ya moduli (vipande vinavyounda betri) zilinganishwe: fungu likianguka kwa zaidi ya volti 1 kuliko mengine, hapo pana tatizo. Kisha betri ifunguliwe na zitazamwe zile pati za shaba zinazounganisha moduli. Kwa hewa yetu ya chumvi huota ukungu wa kijani, upinzani ukaongezeka, na kompyuta ikaona moduli nzima kama mbovu. Pati zikisuguliwa hadi ziwe safi, mara nyingine alama hupotea. Nati zake hukazwa kwa nguvu ndogo mno. Kwa Prius, haibridi nyengine ya Toyota, ni nyutoni-mita 5.4. Fundi anayekaza kwa nguvu ya mkono atakata bolti ya moduli nzima.

Kazi hiyo si ya fundi wa kawaida. Waya za rangi ya chungwa zina volti 144 na zaidi za mkondo wa moja kwa moja, zinaua. Gari lizimwe, funguo ziwekwe mbali, plagi ya usalama ya betri itolewe, zisubiriwe dakika 10 ili kapasita zitoke chaji, na fundi avae glavu za umeme za volti 1,000. Anayeanza kufungua bila ya kufanya haya, chukua gari lako uondoke.

Kubadilisha moduli moja tu kwenye betri ya zamani hufanyika sana na hudumu kidogo. Moduli mpya na za zamani hazichaji sawa, na baada ya miezi michache inaangukia nyengine. Ikithibitika kwamba kadhaa zimechoka, badilisha betri nzima.

Jambo dogo la mwisho: kama una tabia ya kuweka gia ya N kwenye foleni, iache. Kwenye N betri ya haibridi ya Toyota haichajiwi hata injini ikiwaka, na kiyoyozi kinaendelea kuinyonya. Kaa kwenye D ushike breki.

Mimi ni mwalimu, skuli yangu ipo kilomita 6 kutoka nyumbani, Wete. Natumia gari kwa kazi tu, na Chake mara chache. Nifanye haibridi? — Mwalimu, Wete

Kilomita 12 kwa siku za skuli ni kama 260 kwa mwezi. Gari dogo la petroli, Passo au Vitz, litakula lita 19 au 20. Haibridi 13 hivi. Unaokoa lita 6 au 7 kwa mwezi, na umeongeza betri ya haibridi ambayo siku ikiharibika itameza akiba ya miaka mingi. Vilima vya Pemba vinaisaidia haibridi kwa sababu kila mteremko unarudisha umeme, lakini kilomita zako ni chache mno kwa hesabu hiyo. Baki na petroli, mwalimu. Ukiamua haibridi kwa sababu zako, hakikisha kwanza kwamba Chake au Wete kuna fundi mwenye kifaa cha kusomea haibridi, na usiliache gari likizo nzima bila ya kuliwasha: wiki mbili zisipite bila ya kuliendesha nusu saa.

Nyumba yangu ipo Makunduchi. Nataka kuchaji gari la umeme kwa waya wa ekstensheni kutoka dirishani. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani nimeikata plagi nikatia ya kwetu ya miguu mitatu. Inafanya kazi lakini plagi inakuwa moto. — Msomaji, Makunduchi

Acha kuichaji hivyo leo. Kebo za Japani zimetengenezwa kwa volti 100 au 200. Ile ya 200 huliambia gari lichote ampea 15. Plagi yetu ya miguu mitatu ni ya ampea 13, na kwa mzigo wa saa nyingi mfululizo haitakiwi kuzidi 10. Kinachotokea ni kwamba miguu ya plagi na shaba ya ndani ya soketi hupata joto, skrubu hulegea, mgusano unakuwa mbaya zaidi, joto linaongezeka, hadi plastiki inaanza kugeuka rangi ya kahawia. Ekstensheni ikiwa imezungushwa kwenye roli, joto linakusanyika ndani ya mzunguko. Moto wa nyumba huanzia hapo.

Nunua kebo ya kuchajia ya volti 230 inayoweza kuwekwa ampea 10, yenye kichwa cha aina ya kwanza (Type 1) ikiwa gari lako ni la Japani. Fundi umeme akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye ubao, waya wa milimita 4 za mraba, breka yake, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Soketi iwe ya buluu ya duara ya ampea 16 kama unaweza. Ikibidi iwe ya kawaida, iwe nzito, na skrubu zake zikazwe tena baada ya mwezi.

Kisha ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hapa watu wa Makunduchi, Jambiani na pwani yote ya mashariki wasikilize. Ardhi ya maweni haipitishi umeme vizuri. Fimbo moja ya ethi iliyopigwa nusu mita ikagonga jiwe haikulindi. Fundi apime kwa mita ya ethi, isizidi omu 100, na bora iwe chini zaidi. Isipofika, zipigwe fimbo mbili au tatu mbali mbali ziunganishwe, au ichimbwe mahali penye udongo. Kebo nyingi za kuchajia hukataa kufanya kazi zikikosa ethi, huwasha taa nyekundu. Usimruhusu mtu akuunganishie ethi kwenye nyutro ili taa hiyo izime.

Ukishafungwa, chaji dakika 30 kisha uguse plagi. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishika kwa sekunde tano, kuna kiungo kilicholegea.

Masika yakija, barabara zetu hujaa maji. Gari la umeme halitatupiga shoti? Na naweza kulipitisha ufukweni kwenye maji kidogo? — Kijana wa Nungwi

Mvua na dimbwi la kawaida halina hatari. Betri kubwa imefungwa kwenye sanduku lake, waya zake zote mbili hazigusi bodi, na kompyuta inapima muda wote kama kuna umeme unaovuja kwenda kwenye bodi. Ikiona uvujaji, hufungua swichi kubwa ndani ya betri. Maji yakifika katikati ya gurudumu usiingie, kwa gari lolote. La petroli litavuta maji kwenye injini, la haibridi litalowa betri iliyo chini ya kiti.

Ufukweni ni hapana. Maji ya chumvi yakiingia kwenye viungo vya waya na kwenye sanduku la betri yanaendelea kula polepole, na betri ya lithiamu iliyozama kwenye maji ya bahari inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye ikiwa imeegeshwa. Gari lililozama liegeshwe wazi, mbali na nyumba na magari mengine, na lisichajiwe kabisa.

Umeme wetu unatoka bara, na kule wanachoma gesi. Si ni yale yale tu? — Mwanafunzi, Mkoani

Swali zuri, na lina nusu ya ukweli. Unguja tunaletewa umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ile ya megawati 100 ilianza 2013. Pemba kebo yake inatoka Tanga, tangu 2010. Gridi ya bara ni ya maji na gesi zaidi. Tuchukue mfano mbaya, gesi tupu: katika uniti 100 za gesi, mtambo hutoa kama 45, njiani zinapotea kadhaa zinafika 38 kwenye soketi, na magurudumu hupata 29 au 30. Petroli kwenye gari la kawaida, magurudumu hupata 20. Kwenye haibridi nzuri, 30. Kwa hiyo kwa gesi tupu, gari la umeme na haibridi zinakaribiana, na zote zinaliacha mbali gari la petroli. Lakini gridi haichomi gesi tupu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha 2024, na uniti inayotoka kwenye maji haichomi chochote. Kila lita ya petroli inatoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na hilo halipunguzwi na bwawa lolote.

Karatasi ya mnada inasema Aqua ni kilomita 35.4 kwa lita. Mimi napata 21. Nimeuziwa mbovu? — Msomaji, Amani

Hapana, 21 ni nzuri. Ile 35.4 imepimwa maabara kwa kipimo cha JC08 cha Japani, mwendo wa chini, bila ya kiyoyozi. Magari ya kuanzia kama 2018 yameandikwa WLTC, namba iliyo karibu zaidi na ukweli. Usilinganishe gari la kipimo kimoja na la kipimo chengine.

Kiyoyozi ndicho kinachotupunguzia zaidi mjini. Huchukua kilowati 1 hadi 1.5. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kwa gari la umeme ni kama uniti 2 kwa kilomita 100. Ukitambaa kwa kilomita 15 kwa saa, kiyoyozi kile kile kinakula uniti 7 hadi 10 kwa kilomita 100. Barabarani adui ni mwendo: upinzani wa hewa kwa kilomita 80 ni karibu mara 1.8 ya ule wa kilomita 60.

Pima mwenyewe hivi. Jaza tangi hadi bomba likate lenyewe, usiongeze tone. Weka saa ya safari kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 300. Rudi pampu ile ile, ujaze hadi ikate tena. Ikiwa umetembea 312 na imeingia lita 14.9, gawa: ni kilomita 20.9 kwa lita. Kwa gari la umeme soma mita ya nyumba kabla na baada ya kuchaji, friji na pampu ya maji vikiwa vimezimwa, au funga mita ndogo kwenye laini ya gari. Namba ya dashibodi haihesabu kinachopotea kwenye chaja.

Umeme ukikatika naweza kuchaji gari kwa jenereta yangu ndogo ya petroli? — Msomaji, Kizimkazi

Kwa dharura ya kilomita kumi, sawa. Kwa kawaida yako, usifanye. Jenereta ndogo hutoa uniti 2 kwa lita, ikiwa nzuri sana 2.5. Uniti 19 za kilomita 100 zitakula lita 8 hadi 9 na nusu, sawa na IST au zaidi, na kelele juu yake. Na mara nyingi kebo itakataa, kwa sababu jenereta hizo hazina nyutro iliyofungwa kwenye ethi. Kilomita 100 hizo hizo, ukiwa na paneli za jua za kilowati 2 juu ya paa, ni umeme wa siku mbili na nusu za kiangazi, ikiwa gari linashinda nyumbani mchana.